Ukiajiriwa Katika Nyumba ya Kiyahudi

Kazi ya kutunza wazee imewafikisha wasemaji wengi wa Kiswahili katika nyumba za Wayahudi, London, New York na Israel kwenyewe. Wengi hufika wakiwa wamefundishwa kumgeuza mgonjwa kitandani, kupima sukari na kutoa dawa kwa saa yake. Hawajaambiwa kwa nini mwenye nyumba ameshtuka kwa sababu ya kijiko kilichotiwa katika sufuria isiyo yake, au kwa nini mzee amekaa gizani ilhali swichi iko hatua mbili kutoka kitini.

Majibu yapo, na mengi si magumu. Ila kuna jambo la kushika kabla ya mengine: sheria ya Kiyahudi huamuliwa kwa kutazama kilichotokea hasa. Rabi akipelekewa swali la jikoni, yeye naye huuliza. Chakula kilikuwa cha moto au baridi? Kimemwagika kiasi gani? Sufuria ilitumika mara ya mwisho lini? Hukumu hufuata majibu. Kwa hiyo mfanyakazi anayesimulia mambo kama yalivyokuwa ana faida kubwa kwa familia kuliko anayejua nusu ya kanuni kisha akabahatisha nusu iliyobaki.

Ni nyumba ya namna gani?

Usikisie kwa jina wala kwa ndevu. Wako Wayahudi wanaoshika kila kipengele cha sheria, wako wanaofunga Siku ya Upatanisho na kula Pasaka tu, na wako wasioshika kitu. Israel kwenyewe kuna mamilioni ya Wayahudi wanaoendesha gari siku ya Sabato.

Hata wanaoshika sheria hutofautiana. Yosef Karo alipochapisha kitabu chake cha sheria, Shulhan Arukh, mjini Venice mwaka 1565, alielekea zaidi upande wa desturi za Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Uhispania na jamii za Mediterania zilizowafuata. Moses Isserles wa Krakow akakiongezea maelezo ya desturi za Waashkenazi wa Ulaya ya kati na mashariki. Kitabu hicho chenye sauti mbili ndicho rejea mpaka leo. Basi ukihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine mtaa uleule, unaweza kupewa agizo kinyume cha lile ulilolizoea, na wote wawili wakawa sahihi.

Siku ya kwanza uliza: hapa mnashika Sabato? Jiko ni la kosheri, yaani linafuata sheria zenu za chakula? Nikiwa na swali, nimuulize nani? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Pata jina la mtu mmoja wa kumuuliza, ili usipewe maagizo matatu na watoto watatu wa mzee mmoja.

Msomaji wa Biblia ajihadhari na jambo moja. Unaijua Torati, lakini wenyeji wako wanaisoma pamoja na Mishna iliyokusanywa yapata mwaka 200, Talmudi iliyoifuata, na hukumu za marabi za karne nyingi baadaye. Kumwonyesha mwenye nyumba aya ya Walawi ili kumthibitishia kwamba jambo fulani linaruhusiwa hakutakusaidia.

Jikoni

Mwislamu atajikuta nyumbani kwa mambo kadhaa: nguruwe haliwi, mnyama huchinjwa kwa utaratibu, damu haitumiki. Lakini ngamia, aliye halali kwake, hapa hapikwi. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, hivyo kamba, kaa, pweza na ngisi hawaingii, wala kambare. Sato na sangara wana magamba, ila wanunue wenyewe mahali wanapopaamini. Yai hupasuliwa kwanza katika glasi, na likionekana doa la damu huwekwa kando. Kabichi na mboga za majani hukaguliwa jani kwa jani, maana mdudu mdogo ni haramu kuliko hata kipande cha nguruwe kwa hesabu ya makatazo yaliyoandikwa.

Jambo geni kwa karibu kila mtu ni nyama na maziwa. Torati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi kwa maziwa ya mama yake, na marabi walijenga juu ya katazo hilo uzio mpana. Nyama, kuku wakiwamo, haipikwi wala kuliwa pamoja na maziwa, siagi au jibini. Vyombo huwa seti mbili, mara nyingi na sinki mbili, vitambaa viwili na sponji mbili, zikiwa na rangi tofauti. Baada ya nyama watu husubiri kabla ya kula chakula cha maziwa: wengi saa 6, Wayahudi wenye asili ya Ujerumani saa 3, wa Uholanzi saa 1. Mzee akila kuku saa 7 mchana, usimpelekee chai ya maziwa saa 9 kwa wema.

Chakula kisicho nyama wala maziwa, kama wali, mboga, matunda, samaki na mayai, ni cha katikati. Lakini kikishapikwa kwenye sufuria ya nyama kinaweza kubadilika hadhi yake. Chombo hubeba historia ya kilichopikwa ndani yake, na ndiyo sababu ya maswali yote kuhusu moto na saa.

Sasa umekosea: umekoroga supu ya kuku kwa mwiko wa maziwa. Usiuoshe mwiko. Usimwage supu. Zima moto, kama si Sabato, acha kila kitu kilivyo na umwambie yule uliyeelekezwa kumuuliza. Kosa la bahati mbaya lina hesabu yake. Kilichoingia kikiwa chini ya sehemu moja ya sitini ya chakula, mara nyingi chakula hubaki halali. Chombo kilichokaa zaidi ya saa 24 bila kutumika kwa moto nacho huamuliwa kwa wepesi zaidi. Ukificha, unawanyima nafasi hiyo, na siku watakapogundua wataanza kutilia shaka sufuria zote za jikoni tangu ulipofika.

Mengine mawili huwauma wafanyakazi wasipoelezwa. Mwenye nyumba Mwashkenazi anaweza kuja kuwasha jiko mwenyewe kisha akakuachia upike. Msefardi anaweza kutaka pia aiweke sufuria motoni kwa mkono wake. Hakuna anayesema mikono yako ni michafu. Ni kanuni ya kale inayotaka Myahudi ashiriki katika upishi wa vyakula fulani, na nia yake ilikuwa kuweka mpaka wa kijamii kati ya Wayahudi na mataifa waliyoishi nayo. Divai nayo ina mpaka wa namna hiyo: ile isiyochemshwa, asiye Myahudi haimimini. Kanuni hiyo ilianza zama ambazo watu walimimina divai mbele ya sanamu. Chupa ikiwa mezani, waachie wamimine wenyewe.

Chakula chako je? Uliza utakiweka wapi na utakipashia wapi. Nyumba nyingi hutoa rafu kwenye friji na vyombo vyako mwenyewe. Pasaka ya Kiyahudi ikikaribia, uliza tena, maana kwa siku 7 nchini Israel, na 8 nje ya Israel, hakuna chachu inayobaki ndani: mkate, chapati, mandazi, biskuti, bia, chochote chenye ngano, shayiri, rai, oti au spelti kilichochachuka. Waashkenazi hawali pia mchele, maharagwe na mahindi, kwa hiyo uliza hata kuhusu unga wako wa ugali. Wasefardi wengi hula wali bila shida. Usilete kifungua kinywa mfukoni siku hizo.

Sabato na taa

Sabato huingia Ijumaa kabla ya jua kuzama. Mishumaa huwashwa kwa desturi dakika 18 kabla ya machweo, Jerusalem dakika 40. Hutoka Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Mishna inaorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa, zikiwamo kuwasha na kuzima moto, kupika, kuandika, kushona na kubeba kitu kutoka nyumbani kwenda barabarani. Umeme umeingizwa humo. Ndiyo maana chakula hukaa juu ya sahani ya umeme iliyowashwa tangu Ijumaa, balbu ya friji hulegezwa, na katika majengo mengine lifti husimama yenyewe kila ghorofa.

Wewe hubanwi na sheria hiyo. Unaweza kutumia simu yako chumbani kwako, ingawa si vizuri kuitumia mezani pao. Lakini usizime taa! Mtu aliyefunzwa kwao kutochoma umeme bure hupita Ijumaa usiku akifunga swichi za vyumba vitupu, na familia ikaja kukaa gizani mpaka kesho yake usiku. Taa iliyoachwa choo cha wageni imeachwa kwa makusudi.

Je, wanaweza kukuomba uwashe? Hapa ndipo fumbo linapoingia. Marabi wamemkataza Myahudi kumwagiza asiye Myahudi amfanyie siku ya Sabato kazi asiyoweza kuifanya mwenyewe. Kwa hiyo hutasikia amri. Utasikia, "Chumbani kwa mama kuna joto sana leo." Aliyekulia pwani, ambako kanga humsemea mvaaji, hatapata tabu kuelewa. Hata hivyo fumbo nalo lina mipaka, na kila familia ina mafunzo ya rabi wake. Mishna inasema asiye Myahudi akijiwashia taa, Myahudi anaweza kutumia mwanga wake. Akiiwasha kwa ajili ya Myahudi, hapana. Inasimulia pia safari ya Rabban Gamliel na wazee wenzake, walioshuka melini kwa ngazi aliyojitengenezea abiria asiye Myahudi. Basi ukiwasha taa ya jikoni ili ujipikie chai, wao wanaweza kukaa na wewe. Ukiiwasha kwa ajili yao, pengine watatoka. Wakitoka usinune, na usiwadanganye kwamba ulijiwashia mwenyewe.

Kwa mgonjwa aliyelala kitandani mambo ni mepesi zaidi: hata kama hayuko hatarini, familia inaweza kukuomba waziwazi umfanyie anachohitaji. Kaeni pamoja Alhamisi, si Ijumaa jioni watu wakikimbizana, mpitie orodha: nani anapandisha kitanda cha umeme, betri za kifaa cha kusikilizia zikiisha iweje, vidonge vya kukatwa vikatwe lini, mashine ya hewa inabaki imewashwa wapi. Waulize pia simu ya dharura ikae wapi ili isitafutwe usiku.

Uhai ukiwa hatarini

Hapa hakuna fumbo, hakuna kuuliza, hakuna kungoja nyota. Mzee akishikwa na maumivu ya kifua, uso ukienda upande, akianguka na kuumia kichwa, sukari ikishuka akawa haeleweki, piga simu papo hapo: 999 Uingereza, 911 Marekani, 101 Israel. Talmudi imetoa kanuni hiyo katika agizo la Torati kwamba amri ni za mtu kuishi kwazo. Wakasema marabi, aishi kwazo, asife kwazo. Vitabu vya sheria humsifu anayewahi kuivunja Sabato kwa ajili ya aliye hatarini, na humlaumu anayepoteza muda kwenda kuuliza. Hata shaka tu ya hatari inatosha. Inapendekezwa hata Wayahudi wenyewe wafanye kazi hiyo, wasimsukumie asiye Myahudi, ili watu wasidhani uhai unaokolewa kwa mlango wa nyuma. Usishangae kumwona bwana mwenye kofia na ndevu akinyakua simu kabla yako.

Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, watu hufunga kula na kunywa kwa saa zipatazo 25. Mzee mwenye kisukari au moyo dhaifu atataka kufunga, na atalia ukimletea uji. Usibishane naye siku yenyewe. Wiki moja kabla, iombe familia imuulize daktari na rabi, maana marabi huelekeza hata kiasi cha kunywa kidogokidogo kwa vipindi. Nawe ujue hili: Talmudi inasema mgonjwa akisema anahitaji chakula, hulishwa hata kama madaktari wanasema hahitaji, kwa kuwa moyo wa mtu ndio unaojua uchungu wake. Akikuambia "siwezi tena", usimtie moyo avumilie. Sema na familia hapohapo.

Mikono, milango na vitabu

Mwanamke usiye ndugu yake anaweza asikupe mkono, au mwanamume asikupe ikiwa wewe ni mwanamke. Inamisha kichwa, inatosha. Mwanamume na mwanamke wasio mume na mke wala jamaa wa karibu hawakai peke yao mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo ukiona mlango unaachwa wazi hujatiliwa shaka ya wizi. Utunzaji wa mgonjwa una ruhusa zake. Uliza tu nani anamwogesha nani.

Kijaluba kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, mezuza, kina ngozi iliyoandikwa maandiko kwa mkono. Usikipake rangi, usikitoe ukifanya usafi. Kopo lenye mikono miwili kando ya kitanda ni la kunawa mara mtu aamkapo, si la kunywea. Vitabu vitakatifu haviwekwi sakafuni, na kurasa zilizochakaa hazitupwi pamoja na takataka bali hukusanywa na kuzikwa au kuhifadhiwa. Kwa desturi hiyo sinagogi la Ben Ezra la Cairo ya kale lilijikuta na ghala la karatasi za karne nyingi, ambazo Solomon Schechter alizipeleka kwa wingi Cambridge mwaka 1897, zikiwamo za mkono wa Maimonides, mwanazuoni wa sheria aliyekuwa tabibu Misri. Ukiokota karatasi yenye herufi za Kiebrania, iweke mezani.

Dini yako na siri zao

Hawatakushawishi uingie dini yao. Wayahudi hawana desturi ya kuhubiri, na mafundisho yao husema mwadilifu wa taifa lolote ana sehemu yake katika ulimwengu ujao, akizishika amri za msingi za Nuhu. Nawe usimhubirie mzee aliye kitandani asiyeweza kuondoka. Huenda ana kumbukumbu, zake au za wazazi wake, za kulazimishwa kubadili dini, na wimbo unaokufariji wewe unaweza kumwogopesha yeye. Omba muda na mahali pa kusali; wengi watakuheshimu kwa hilo.

Waswahili husema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Wewe umelala ndani, umezijua. Sheria ya Kiyahudi inakataza kumsema mtu vibaya hata kama unalosema ni kweli, na rabi Israel Meir Kagan aliandika kitabu kizima juu ya katazo hilo mwaka 1873, kitabu kilichompa jina analojulikana nalo, Hafetz Haim. Ruhusa ipo pale tu maneno yanapozuia madhara, tena yawe umeyaona mwenyewe, bila chumvi. Kwa hiyo habari za ugomvi wa watoto wa mzee zisifike kwa wenzako kituo cha basi. Lakini ukiona mzee anapigwa au fedha zake zinachukuliwa, kunyamaza si uaminifu. Mwambie wakala wako au mamlaka ya ustawi wa jamii, useme ulichokiona na saa ulipokiona.

Mzee akifariki

Ita familia kwanza, kisha huduma inayotakiwa na sheria ya nchi. Usimwogeshe wala kumvika. Kuna chama cha kujitolea, hevra kadisha, kinachoosha na kuvisha sanda, na mwili hauachwi peke yake mpaka maziko, ambayo hufanyika mapema iwezekanavyo. Maua hayapelekwi. Wafiwa hukaa siku 7 nyumbani kwenye viti vya chini, na majirani huwapikia. Ukienda kuwapa pole, keti na usianze mazungumzo. Mfiwa ndiye anayeanza, na akikaa kimya nawe kaa kimya. Kwetu kwenye matanga tumezoea kumsemesha mfiwa. Hapa kuwapo kwako kunatosha.

Mshahara wako

Sheria hiyohiyo inayomkagulia mwenye nyumba kijiko inamkagulia na mkoba. Torati inamtaka mwajiri amlipe kibarua siku ileile kabla jua halijazama, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo, na inamtaja kwa uwazi mgeni anayeishi nchini. Mishna inaongeza kwamba mahali ambapo si desturi kuanza alfajiri na kumaliza usiku, mwajiri hana haki ya kuwalazimisha vibarua. Kisha rabi Shmuel wa Babuloni, karne ya 3, aliweka kanuni kwamba sheria ya nchi ni sheria. Mkataba wako, kima cha chini, mapumziko na likizo vina nguvu pia kwa macho ya dini yao. Hati yako ya kusafiria ibaki kwako.

Nawe una wajibu wako. Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba mfanyakazi afanye kazi kwa nguvu zake zote kama Yakobo alivyomfanyia Labani, na asikeshe akifanya kazi yake nyingine kisha akaja kusinzia kwa mwajiri. Anayeunganisha zamu mbili alisikie hilo, hasa kama mikononi mwake kuna mtu anayeweza kuanguka.

Kuhusu mapatano, Mishna ina kisa cha mtoto wa Rabi Yohanan ben Matya. Alikwenda kuajiri vibarua akawaahidi "chakula", basi. Baba yake akashtuka: kwa neno hilo tupu, hata ukiwaandalia karamu ya Sulemani bado watakudai, rudi kabla hawajaanza kazi, muwekeane wazi kwamba ni mkate na kunde. Fanya hivyo nawe, kwa faida ya pande zote. Kabla ya siku ya kwanza iandikwe: saa ngapi, chakula gani, siku ipi ya mapumziko, nani anakaa na mzee siku hiyo, na sikukuu zenye kazi nyingi zinalipwaje.

Jambo la mwisho wafanyakazi wengi hawalijui. Kwa mujibu wa Mishna, mwajiri aliyechelewesha ujira hajavunja katazo hilo mpaka mfanyakazi audai. Ukinyamaza kwa heshima ukingoja akumbuke, huenda naye anadhani unamwekea amana. Weka kumbukumbu ya saa zako kwenye daftari, tunza nakala ya mkataba, na siku ya malipo ikifika dai. Kudai hakuhesabiwi utovu wa adabu katika nyumba hiyo. Ndiko kunakomfanya mwenye nyumba awe na deni mbele ya sheria yake mwenyewe.